Kuba Lisilo na Sakafu: Mionzi na Maji ya Chini ya Ardhi katika Visiwa vya Marshall

Katika Bahari ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Ufilipino, kuna nchi ambayo ardhi yake haina mlima, haina mto, wala haina udongo wa mfinyanzi, kwa kuwa yote imejengwa kwa mabaki ya viumbe wa baharini. Nchi hiyo ni Jamhuri ya Visiwa vya Marshall, yenye atoli 29, na atoli ni pete ya visiwa vidogo vya matumbawe inayozunguka laguni, yaani bahari ya ndani iliyotulia kwa sababu mwamba umeikinga na mawimbi makubwa ya nje. Nchi kavu yake yote haifiki kilomita za mraba 200. Kati ya mwaka 1946 na 1958 Marekani ililipua hapo mabomu 67 ya nyuklia, karibu yote katika atoli mbili za kaskazini, Bikini na Enewetak, na tangu wakati huo wanasayansi wamekuwa wakirudi na vipimo vyao kutafuta jawabu la swali ambalo wenyeji wamelirudia kizazi baada ya kizazi: je, ardhi hii inakalika? Jawabu limechelewa kwa sababu nyingi za kisiasa, lakini ipo sababu moja ya kimaumbile ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo ni kwamba katika atoli haiwezekani kupima uchafuzi wa ardhi pasipo kuyafuata maji yaliyo chini yake, na maji hayo hayatulii hata siku moja.

Tabia ya maji hayo inatokana na jinsi kisiwa chenyewe kilivyojengwa. Mwaka 1842 Charles Darwin alichapisha kitabu kilichodai kwamba atoli huanza kama volkano iliyozungukwa na matumbawe, kisha volkano hiyo inapodidimia polepole, matumbawe huendelea kujenga kwenda juu yakiutafuta mwanga wa jua, hadi mlima unatoweka na kubaki pete tupu. Dhana hiyo ilibishaniwa kwa zaidi ya karne moja, na ushahidi wake wa moja kwa moja ulipatikana Enewetak mwaka 1952, pale keekee za wachunguzi wa Marekani zilipotoboa chokaa ya matumbawe kwa zaidi ya mita 1,200 na hatimaye kugota kwenye mwamba wa volkano. Shimo mojawapo lilichimbwa katika kisiwa cha Elugelab. Miezi michache baadaye, tarehe 1 Novemba 1952, bomu la haidrojeni lililopewa jina la Mike lililipuliwa kisiwani humo kwa nguvu ya zaidi ya megatani 10, yaani sawa na zaidi ya tani milioni 10 za baruti, na Elugelab ikafutika. Mahali pake pamebaki kreta yenye upana wa karibu kilomita mbili chini ya bahari. Elimu iliyothibitisha jinsi atoli inavyojengwa kwa mamilioni ya miaka, na silaha iliyoonyesha jinsi inavyoweza kufutwa kwa dakika chache, zilifika mahali pamoja katika mwaka mmoja.

Chokaa hiyo haiko sawa kutoka juu hadi chini. Tabaka la juu ni mchanga, changarawe na vipande vya matumbawe vilivyorundikana katika miaka elfu chache iliyopita, na maji hupenya humo kwa taratibu. Chini yake, kwa kawaida katika kina cha kati ya mita 15 na 25, huanza chokaa kongwe ambayo wakati wa enzi za barafu, bahari ilipokuwa imeshuka sana, ilibaki wazi juu ya maji ikinyeshewa na mvua kwa maelfu ya miaka, na mvua hiyo ikaiyeyusha na kuiachia matundu, nyufa na mapango. Maji ya bahari hupita ndani ya chokaa hiyo kongwe karibu bila kizuizi. Kwa hiyo kisiwa cha atoli ni mchanga uliokaa juu ya mwamba uliotoboka, na mwamba huo umejaa bahari.

Mvua inaponyesha juu ya kisiwa cha namna hiyo haipati mto wa kuipeleka baharini, bali huzama ardhini papo hapo, na kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko maji ya chumvi, huelea juu yake na kukaa kwa umbo la lenzi, nene katikati ya kisiwa na nyembamba kandokando. Mwishoni mwa karne ya 19 Mholanzi Willem Badon Ghijben, na baada yake Mjerumani Alexander Herzberg, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kanuni inayotumika hadi leo: kwa kila kipimo kimoja ambacho maji ya kisima yamepanda juu ya usawa wa bahari, kuna takriban vipimo 40 vya maji baridi chini ya usawa huo. Kisima ambacho maji yake yamesimama sentimita 30 juu ya bahari kingetarajiwa kuwa na mita 12 za maji baridi chini yake. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayofanya kazi chini ya vilima vya mchanga vya Shela vinavyowapatia maji watu wa mji wa Lamu, na wachimba visima wa pwani ya Afrika Mashariki wanaijua kwa vitendo, maana kisima kinachovutwa kupita kiasi huanza kutoa maji ya magadi na mwishowe chumvi tupu. Hata hivyo katika atoli hesabu hiyo huahidi zaidi ya kilichopo, kwa sababu baina ya maji baridi na maji ya chumvi hakuna mpaka ulio wazi. Kuna ukanda wa mchanganyiko ambao wakati mwingine ni mnene kuliko lenzi yenyewe. Kinachouchochea mchanganyiko huo ni kujaa na kupwa kwa bahari.

Katika pwani ya bara, nguvu ya maji kujaa hufifia kadiri mtu anavyokwenda mbali na ufuo, na kisima kilicho mamia ya mita kutoka baharini hakisikii chochote. Ilidhaniwa kwamba visiwa vya matumbawe vitakuwa hivyohivyo, hadi miaka ya 1970 watafiti, miongoni mwao Robert Buddemeier, walipoweka vipimo katika visima vya Enewetak na kukuta jambo tofauti. Visima vya katikati ya kisiwa vilipanda na kushuka pamoja na bahari, na kilichoamua kiasi cha kupanda hakikuwa umbali kutoka ufukweni bali kina cha shimo: kadiri shimo lilivyokwenda chini, ndivyo maji yake yalivyofuata bahari kwa karibu na kwa kuchelewa kidogo. Maelezo yao yalikuwa kwamba msukumo wa bahari hauingii kisiwani kwa ubavuni, ila hupita upesi katika chokaa kongwe iliyotoboka na kuisukuma lenzi kutoka chini kwenda juu, mara mbili kila siku, kwa nguvu zaidi wakati wa bamvua na kwa upole wakati wa maji mafu. Wataalamu wa maji hupima mambo mawili katika kila kisima: uwiano wa kupanda kwa maji ya kisima na kupanda kwa bahari, na saa za kuchelewa baina ya hayo mawili. Tarakimu hizo mbili, ambazo huweza kupatikana kwa kipimo cha kina kilichoachwa kisimani kwa wiki chache, hueleza mengi zaidi kuhusu mahali takataka yoyote iliyomo ardhini itakapokwenda kuliko ramani nyingi za rangi zilizochorwa kutoka angani.

Ni katika kisiwa cha Runit, upande wa mashariki wa pete ya Enewetak, ambapo tabia hiyo ya maji imekutana na uamuzi wa binadamu. Mwezi Mei 1958 jaribio lililoitwa Cactus, lenye nguvu ya kilotani 18, lilichimba hapo kreta yenye upana wa zaidi ya mita 100 na kina cha karibu mita 10. Mwezi Agosti mwaka huohuo jaribio jingine kisiwani humo, lililoitwa Quince, halikulipuka kama ilivyokusudiwa, na plutoniamu yake, badala ya kuungua, ikatawanyika ardhini vipande vipande. Watu wa Enewetak walikuwa wamehamishiwa atoli ya Ujelang tangu Desemba 1947, na walipodai kurejeshewa kwao, askari wa Marekani wapatao 4,000 walipelekwa kati ya 1977 na 1980 kukwangua udongo wa visiwa vilivyochafuka zaidi. Udongo na vifusi hivyo, zaidi ya mita za ujazo 70,000, viliingizwa katika kreta ya Cactus. Vile vya chini ya usawa wa maji vilichanganywa na saruji na kushushwa kwa bomba, vya juu vikashindiliwa pamoja na saruji, na mwisho lundo zima likafunikwa kwa mabamba 358 ya zege yenye unene wa karibu nusu mita. Kreta haikuwekewa sakafu. Chini ya kuba hilo kubwa la zege kuna matumbawe yaliyopasuliwa na bomu, na chini ya matumbawe hayo kuna chokaa kongwe inayopitisha bahari.

Kwa hiyo maji yaliyomo ndani ya lundo hilo hupanda na kushuka pamoja na bahari, na picha za nyufa kwenye mabamba, ambazo magazeti ya dunia yamezichapisha mara nyingi, hazielezi jambo lililo muhimu zaidi. Ufa wa juu huingiza mvua. Kukosekana kwa sakafu huingiza na kutoa bahari. Kuba lilijengwa kuzuia vumbi lisipeperuke na watu wasiuguse udongo, na kazi hiyo limeifanya, ila kulitazama kama pipa lililofungwa ni kujidanganya. Kamati ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani iliyolichunguza na kutoa ripoti mwaka 1982 ilitambua uwezekano wa kuvuja, lakini ikasema kwamba uvujaji huo haungeongeza hatari kwa sababu mashapo ya sakafu ya laguni, yaani tope na mchanga uliotuama chini ya maji, tayari yamebeba plutoniamu nyingi mno kuliko iliyofunikwa na zege. Hoja hiyo ni sahihi kihesabu. Lakini kwa mwenyeji anayevua samaki katika laguni hiyo, ni faraja ya ajabu kuambiwa kwamba ghala la taka halitishi kwa kuwa kilicho nje ya ghala ni kibaya zaidi.

Kupima vitu hivyo kunataka vyombo tofauti kwa kila aina ya mionzi, na ni hapa ambapo makosa mengi ya uelewa hutokea. Sesiamu-137, ambayo ni zao la kupasuka kwa kiini cha urani au plutoniamu, hutoa mionzi ya gama inayopenya hewa, nguo na hata ukuta, hivyo huweza kugunduliwa na kifaa cha mkononi au na kigunduzi kilichofungwa kwenye helikopta, kama ilivyofanyika katika upimaji mkubwa wa atoli za kaskazini mwaka 1978. Nusu-uhai wake, yaani muda ambao nusu ya kiasi chochote huoza na kugeuka elementi nyingine, ni miaka 30. Plutoniamu-239 ni kitu kingine kabisa. Nusu-uhai wake ni takriban miaka 24,100, na mionzi yake ya alfa huzuiliwa na karatasi moja, kwa hiyo mtu anaweza kusimama juu yake na kifaa cha gama mkononi na asione kitu, ingawa chembe yake ikivutwa pumzi na kutua mapafuni hubaki huko kwa miaka mingi ikiziunguza seli zilizo jirani. Kusema kwamba kisiwa fulani kimepimwa na kukutwa salama, bila kutaja ni mionzi gani iliyopimwa na kwa chombo gani, ni kusema neno lisilo na maana.

Kazi kisimani huanza kwa subira. Mchukua sampuli hushusha mpira mwembamba hadi kina alichokusudia, kisha huvuta maji na kuyamwaga, kwa sababu maji yaliyosimama ndani ya bomba si maji ya kisiwa. Huku akivuta hutazama joto la maji na uwezo wake wa kupitisha umeme, ambao huongezeka kadiri chumvi inavyoongezeka, na hachukui sampuli hadi tarakimu zote mbili zitulie. Huandika saa, na pamoja nayo hali ya bahari, kwa kuwa sampuli ya maji kujaa na sampuli ya maji kupwa kutoka shimo lilelile ni sampuli za maji mawili. Kisha maji hupitishwa kwenye chujio lenye vitundu vidogo kuliko sehemu ya elfu ya milimita, na kilichonaswa huhifadhiwa mbali na kilichopita. Utengano huo una uzito mkubwa: sesiamu huyeyuka na kusafiri na maji popote yanapokwenda, ilhali plutoniamu hupenda kujishikiza kwenye chembe za tope na chokaa, na ikisafiri aghalabu husafiri imepanda juu ya chembe hizo. Kwa plutoniamu lita moja au mbili hazitoshi. Mara nyingi huhitajika mamia ya lita, kwa sababu kinachotafutwa ni kidogo mno.

Maabarani nako kuna njia mbili. Sampuli ya sesiamu huwekwa mbele ya kigunduzi cha jerimani kilichopoozwa kwa naitrojeni kimiminika na kuzungushiwa risasi ili kuzuia mionzi ya kawaida ya mazingira, na mashine huhesabu miale yenye nishati ya kiloelektronivolti 662, ambayo ndiyo alama ya sesiamu-137. Sampuli ya plutoniamu huyeyushwa kwa asidi, hutengwa kikemia, hupakwa kwenye kisahani cha chuma na kuhesabiwa kwa siku kadhaa ndani ya chumba kilichoondolewa hewa. Tangu mwanzo hutiwa kiasi kinachojulikana cha plutoniamu-242, ambayo ni nadra katika masalia ya mabomu, ili kile kinachopotea njiani kiweze kukadiriwa. Mashine nyingine huhesabu atomu zenyewe moja moja na kutoa uwiano wa plutoniamu-240 kwa plutoniamu-239. Uwiano huo hutaja asili ya taka: plutoniamu ya bomu ambayo haikuungua vizuri huwa na uwiano mdogo, karibu 0.05, na ile iliyopitia mlipuko mkubwa wa haidrojeni huwa na uwiano unaozidi 0.3. Kwa njia hiyo tone la maji ya laguni linaweza kuulizwa limetoka kwenye jaribio la namna gani.

Msomaji wa Kiswahili anayo sababu ya karibu ya kulifuatilia swali la asili. Mabomu mawili ya kwanza kulipuliwa Bikini, mwezi Julai 1946, yalikuwa ya plutoniamu, na plutoniamu ya mpango wa kijeshi uliounda mabomu hayo ilitengenezwa kutokana na urani, ambayo sehemu yake kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na wafanyakazi Wakongo katika mkoa ambao Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha ya migodini.

Mwaka 2015 timu ya Taasisi ya Bahari ya Woods Hole, Marekani, ikiwemo Ken Buesseler, ilikwenda Bikini na Enewetak kuuliza swali ambalo lilikuwa halijajibiwa kwa vyombo vya kisasa: plutoniamu iliyomo katika maji ya laguni inatoka ardhini kupitia maji ya chini, au inatoka kwenye mashapo? Njia waliyotumia inastahili kuelezwa. Chokaa ya matumbawe ina urani na thoriamu kidogo za asili, na katika kuoza kwa elementi hizo hutokea radiamu, ambayo hung'ang'ania chembe za ardhi katika maji baridi lakini huachia na kuyeyuka inapokutana na chumvi. Kwa hiyo maji ya chini ya ardhi yanayoingia baharini hutoka yamebeba radiamu, na kwa kuwa radiamu-223 ina nusu-uhai wa siku 11 hivi na radiamu-224 siku zisizotimia nne, kiasi kinachokutwa katika laguni hueleza maji hayo yaliingia lini na kwa wingi gani. Watafiti walipitisha maji ya laguni na ya visima katika nyuzi zilizopakwa manganizi, ambazo hunasa radiamu, kisha wakalinganisha. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba plutoniamu katika maji ya laguni ni mara 100 au zaidi ya ile ya bahari kuu inayozunguka, na sesiamu karibu mara mbili, ingawa viwango hivyo havikuvuka mipaka iliyowekwa na Marekani na ya kimataifa kwa ubora wa maji. Chanzo kikuu cha plutoniamu hiyo kilikuwa mashapo ya sakafu ya laguni, si maji yanayotoka chini ya visiwa, wala si kuba lenyewe kwa wakati huo.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kushikwa. Kipimo kilieleza hali ya mwaka mmoja, na kuba limeketi juu ya ardhi inayobadilika. Sheria ya Marekani iliyotiwa saini mwaka 2012 inaitaka Idara ya Nishati ya nchi hiyo ikague kuba kila baada ya miaka minne na ipime mionzi katika maji ya chini ya ardhi yanayolizunguka, na taarifa ya idara hiyo ya mwaka 2020 ilisema kwamba kuba halimo katika hatari ya kubomoka mara moja. Ukaguzi wa macho wa zege ni jambo jepesi; ni ule upande wa pili wa sheria, upande wa maji, ambao ndio mgumu na ndio wenye maana.

Bikini kisa ni kingine, na maji yamecheza humo dori mbili zinazopingana. Watu 167 waliohamishwa mwezi Machi 1946 walipelekwa atoli ya Rongerik, wakateseka kwa njaa, wakahamishiwa Kwajalein na hatimaye Kili, kisiwa kisicho na laguni. Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson alitangaza kwamba wangeweza kurudi, na baadhi yao wakarudi katika miaka ya mwanzo ya 1970. Mwaka 1975 vipimo vilionyesha kwamba baadhi ya visima vya kisiwa vilikuwa na mionzi mingi mno hata havikufaa kwa kunywa, na baada ya sesiamu kuonekana ikiongezeka katika miili ya wakazi, wote waliondolewa tena mwaka 1978. Kosa halikuwa katika kipimo cha hewa. Lilikuwa katika mnazi.

Udongo wa matumbawe una kalisiamu tele na potasiamu haba. Wingi wa kalisiamu ni kinga, maana strontiamu-90, zao jingine la kupasuka kwa kiini ambalo mmea hulichukua ukidhani ni kalisiamu, hukosa nafasi. Uhaba wa potasiamu ni balaa, kwa kuwa sesiamu hufanana na potasiamu, na mizizi yenye njaa ya potasiamu huifyonza sesiamu kwa wingi. Katika udongo wa mabara, mfinyanzi huinasa sesiamu na kuifungia. Katika atoli hakuna mfinyanzi, hivyo sesiamu hubaki huru kwenye tabaka la juu lenye mboji, pale pale mizizi ilipo. Kutoka hapo huingia kwenye nazi, madafu, shelisheli, matunda ya mkadi na uwanga, na pia katika nyama ya kaa wa minazi, yaani katika chakula chote ambacho mtu wa visiwa hivyo hukiita chakula. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walikadiria mwaka 1998 kwamba mtu ambaye angeishi Bikini kwa vyakula vya hapo tu angepata dozi ya milisiveti 15 hivi kwa mwaka, na milisiveti ni kipimo cha athari ya mionzi mwilini. Kiwango ambacho serikali za Marekani na Marshall zilikubaliana ni milisiveti moja tu juu ya mionzi ya asili.

William Robison na wenzake wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Livermore, California, walijaribu kwa miaka mingi kutafuta dawa. Kuondoa tabaka la juu la udongo kungeondoa sesiamu, lakini pia kungeondoa mboji yote iliyochukua karne nyingi kujijenga, na kuacha kisiwa cha changarawe. Walipomwaga mbolea ya potasiamu kuzunguka minazi, mizizi ilishiba na sesiamu ndani ya nazi ikashuka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya ilivyokuwa. Katika kufuatilia mimea hiyo mwaka hata mwaka waligundua jambo ambalo hawakuwa wamelitegemea: sesiamu ilikuwa ikipungua upesi kuliko kuoza kwake peke yake kunavyoeleza. Mvua nzito, inapozama hadi kwenye lenzi, huibeba sesiamu iliyoyeyuka na kuitoa nje ya eneo la mizizi, na msukumo wa bahari huichanganya na chumvi na hatimaye kuisafirisha baharini. Waliporipoti mwaka 2003, walikadiria kwamba kwa kuoza na kusafishwa pamoja, nusu ya sesiamu iliyomo kwenye mimea hutoweka kwa muda wa takriban miaka minane na nusu badala ya 30. Ulegevu uleule wa matumbawe unaolifanya kuba la Runit kuvuja ndio unaoisafisha Bikini. Na mwaka wa ukame, ambao si adimu katika kaskazini ya Marshall, huchelewesha usafishaji huo pamoja na kuikondesha lenzi.

Hata hivyo makadirio hayo hayakumaliza ubishi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha vipimo vya mionzi ya gama vilivyochukuliwa katika visiwa kadhaa vya kaskazini, na wastani wa kisiwa cha Bikini ulikuwa milisiveti 1.84 kwa mwaka kabla hata mtu hajala kitu. Visiwa vya kusini vya Enewetak, ambavyo watu walirejea mwaka 1980, vilikutwa na kiwango cha chini sana. Livermore kwa upande wao waliweka vituo vya kupima mwili mzima katika atoli za Enewetak, Rongelap na Majuro, ambako mtu huketi kwenye kiti mbele ya kigunduzi kwa dakika chache na kuondoka na tarakimu ya sesiamu iliyomo mwilini mwake, kando ya ile ya potasiamu-40 ya asili ambayo kila mwanadamu anayo. Njia hiyo ina heshima kuliko nyingine, kwa sababu haimkadirii mtu, humpima mwenyewe na kumjibu yeye kwanza.

Kutoaminiana kuliko baina ya wenyeji na wapimaji hakukuzuka hewani. Tarehe 1 Machi 1954 bomu la Bravo, lililotarajiwa kuwa na nguvu ya megatani sita hivi, lililipuka kwa 15, na majivu meupe ya matumbawe yaliyoungua yakawaangukia watu wa Rongelap, ambao walikaa humo karibu siku mbili kabla ya kuondolewa. Walirejeshwa mwaka 1957 kwa kuambiwa kwamba ni salama, wakafuatiliwa na madaktari kwa miaka mingi, na mwaka 1985 wakaamua wenyewe kuihama atoli yao kwa meli ya Rainbow Warrior baada ya kukosa imani na majibu waliyokuwa wakipewa. Nchi iliyolipua ndiyo iliyopima, ndiyo iliyotafsiri na ndiyo iliyoamua nani arudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Marshall iliendesha upimaji wake wa kitaifa wa mionzi, na mwaka 2017 ikaunda Tume ya Taifa ya Nyuklia, ambayo mkakati wake umeweka kujenga uwezo wa ndani miongoni mwa nguzo zake tano.

Uwezo huo unahitajika kwa haraka kwa sababu ya bahari. Mwezi Desemba 2008 mawimbi makubwa yalifunika sehemu ya Roi-Namur, kisiwa cha atoli ya Kwajalein, na maji ya chumvi yakazama kutoka juu na kuiharibu lenzi yake. Kurejea kwa maji baridi kulichukua takriban miaka miwili ya mvua. Jambo hilo liliweza kujulikana kwa usahihi kwa sababu visima vya uchunguzi vilikuwepo kisiwani tangu zamani na kumbukumbu zake za chumvi zilikuwa zimeandikwa kabla ya gharika. Utafiti uliofanywa kisiwani humohumo na kuchapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba atoli nyingi zitakosa maji ya kutegemewa kufikia katikati ya karne hii, wakati mafuriko ya namna hiyo yatakapokuwa ya kila mwaka. Kwa Runit na Bikini maswali yanaongezeka: chumvi inapoingia kwa ghafla katika udongo wenye sesiamu, ni kiasi gani huachia na kuelekea visimani, na mawimbi yanapokoroga mashapo ya laguni yenye plutoniamu, chembe hizo hutua wapi? Majibu yatahitaji visima vilivyopimwa bamvua kwa bamvua kabla mawimbi hayajafika, na wapimaji wanaoishi huko mwaka mzima, kwa kuwa meli ya utafiti inayofika mara moja kwa miaka kadhaa haiwezi kuzikuta siku hizo.